Zamu ya Kusema: Lugha ya Kiongozi wa Kikundi cha Vijana Wakristo Garissa

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili tunapotafuta mada ya isimujamii, wengi wetu hukimbilia sokoni, matatuni au bungeni. Ni wachache wanaokumbuka kwamba jioni hiyo hiyo, katika chumba cha mihadhara kilichoachwa wazi, vijana wanane wameketi kwa mduara, Biblia mapajani, na kwamba mmoja wao anakabiliwa na kazi ya lugha iliyo ngumu kuliko ya mhubiri. Mhubiri huhitaji kusikilizwa tu. Kiongozi wa kikundi kidogo huhitaji kuuliza, kusikiliza, kunyamaza kwa wakati wake, na kumrudisha njiani aliyepotoka bila kumwaibisha. Akisema sana, wenzake wanageuka kuwa hadhira.

Makala haya yanaijadili kazi hiyo. Hoja yetu ni kwamba uongozi wa kikundi cha aina hii ni stadi ya lugha kabla ya kuwa stadi ya mafundisho ya dini, na kwamba stadi hiyo hujifunzwa. Hakuna anayezaliwa nayo. Tumeichagua Garissa kwa sababu mbili. Kwanza, Wakristo wengi wa mji huo ni watu waliotoka kwingine. Ni walimu, wauguzi, askari, mafundi na wanafunzi waliotoka Ukambani, Kisii, Bungoma au Pwani, pamoja na jamii za bonde la Mto Tana kama Wapokomo. Hawana lugha moja ya mama, hivyo wakiketi kuomba Kiswahili huchukua nafasi kubwa. Pili, Garissa ni mahali ambapo kukusanyika kwa maombi kumewahi kugharimu maisha. Huko, swali la jinsi ya kuwafanya vijana waketi pamoja na kufungua vinywa si swali la darasani tu.

Mahali na historia yake

Tarehe 1 Julai 2012, siku ya Jumapili, makanisa mawili ya mjini Garissa yalishambuliwa wakati wa ibada, na watu wasiopungua 15 wakauawa. Siku chache baadaye viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wa Kiislamu watasaidia kuyalinda makanisa. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililokuwa likitoka Mandera lilitekwa na watu 28 wakauawa. Tukio hilo linamhusu mwanaisimu moja kwa moja, kwa maana wauaji walitumia lugha kama chujio: abiria walitakiwa kusoma maneno ya dini ya Kiislamu, na walioshindwa wakatengwa na wenzao.

Kisha ikaja alfajiri ya Alhamisi tarehe 2 Aprili 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu. Wapiganaji wa Al-Shabaab walikivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa na kuua watu 148, ambao 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Miongoni mwa waliofikiwa mwanzo walikuwa wanafunzi Wakristo walioamka mapema kwa maombi. Wengi wa walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili.

Msomaji asisahau tukio la Desemba 2015. Basi jingine lilitekwa karibu na El Wak, kaunti ya Mandera, na washambuliaji wakawaamuru abiria wajigawe kwa dini. Waislamu walikataa. Wengine waliwapa wanawake Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafariki Januari 2016. Filamu iliyotengenezwa kutokana na kisa hicho mwaka 2017 ilipewa jina la Kiswahili, Watu Wote. Katika basi la mwaka 2014 maneno yalitumiwa kutenga. Katika basi la mwaka 2015 abiria waliunyima mtengo huo ushirikiano wao. Kiongozi wa kikundi kidogo Garissa anafanya kazi yake katikati ya kumbukumbu hizo mbili, apende asipende.

Kikundi kidogo kimetoka wapi

Kikundi kidogo si jambo jipya kwetu. Mkondo mmoja ni wa Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Huo ulituachia utanzu wa ushuhuda, yaani masimulizi ya nafsi ya kwanza mbele ya wenzi, pamoja na mazoea ya kuitana ndugu. Mkondo wa pili ni wa Kanisa Katoliki. Maaskofu wa Afrika Mashariki walijadili suala hili mwaka 1973 na tena 1976, wakaamua kwamba uhai wa kanisa ujengwe katika jumuiya ndogo ndogo, istilahi ambayo leo haihitaji maelezo katika mtaa wowote wa Kenya au Tanzania.

Katika jumuiya hizo hutumika mara nyingi utaratibu wa hatua saba uliobuniwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Hatua mbili zinastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha. Katika hatua ya tatu washiriki huchagua neno au kirai kutoka katika somo na kukitamka kwa sauti, bila maelezo. Hatua ya nne ni kukaa kimya. Katika utaratibu huu, kimya kimepewa zamu yake sawa na msemaji mwingine yeyote.

Katika vyuo vikuu, vikundi vingi viko chini ya umoja wa wanafunzi Wakristo ambao sote tunauita kwa herufi zake mbili, CU. Viongozi wake ni wanafunzi wenyewe, na kila mwaka wengine wanahitimu. Kwa hiyo kila mwaka kuna mazungumzo kati ya anayeondoka na anayeingia. Mazungumzo yafuatayo tumeyatunga sisi kwa ajili ya somo hili. Hayamhusu mtu yeyote halisi. Mahali ni chini ya mwarobaini, jua la Garissa likianza kulegea. Dada yumo mwaka wa nne, kaka mwaka wa pili.

Swali ambalo muulizaji hajui jibu lake

KAKA: Dada, nimekuja kukuomba mnitafutie mtu mwingine. Mimi sina kipawa cha kusema.

DADA: Ndiyo maana tulikuchagua. Mwenye kipawa cha kusema tulikuwa naye mwaka juzi. Kikundi kilianza na watu tisa, kikaisha na watatu, naye akiwa mmoja wa hao watatu.

KAKA: Lakini Jumatano niliuliza swali, wote wakaangalia chini. Nikahesabu moyoni mpaka tano, kisha nikalijibu mwenyewe.

DADA: Uliuliza nini?

KAKA: Niliuliza Petro alimkana Bwana mara ngapi.

DADA: Nani asiyejua? Mtu mzima akiulizwa jambo linalojulikana na kila mtu, huona anapimwa. Ungewauliza kwa nini Petro aliendelea kukaa pale uani penye moto badala ya kwenda zake. Mimi mwenyewe silijui jibu mpaka leo.

Wanaisimu hutofautisha maswali funge na maswali wazi, na wengi wetu tumeishia hapo. Dada huyu amesogea hatua moja mbele. Kigezo chake si umbo la swali bali ni ujuzi wa muulizaji. Swali linaweza kuanza kwa kwa nini na bado likawa mtihani, iwapo muulizaji ameshika jibu mkononi na anangoja mtu alitaje. Vijana wetu wamekaa darasani miaka kumi na minne au zaidi wakijibu maswali ya namna hiyo. Wanayatambua kwa harufu.

Ipo aina ya tatu iliyo hatari zaidi: swali linalobeba jibu lake. Kiongozi anasema, "Si kweli kwamba Mungu anatutaka tusamehe?" Kisarufi ni swali, lakini kiutendaji ni amri. Hakuna jibu isipokuwa ndiyo. Mahali pengine swali hili huchosha tu. Garissa linaweza kumjeruhi mtu, kwa sababu aliyefiwa hawezi kukataa bila kuonekana kwamba amepungukiwa na imani, wala hawezi kukubali bila kusema uongo.

Wapo watakaosema kwamba tunamnyang'anya kiongozi wajibu wake wa kufundisha. Hatudhani hivyo. Mimbari ipo Jumapili, na darasa la mafundisho lipo. Kikundi kidogo kina kazi nyingine.

Kimya na jozi za kauli

KAKA: Na wasipojibu hata swali zuri?

DADA: Hesabu mpaka ishirini.

KAKA: Ishirini ni nyingi, dada.

DADA: Ni nyingi kwako wewe uliyeuliza. Kwa mtu anayetafuta pa kuanzia, ni chache.

Sacks, Schegloff na Jefferson (1974) walionyesha kwamba katika mazungumzo ya kawaida watu hupokezana zamu kwa mapengo mafupi mno. Mtu akiona pengo linarefuka hulijaza. Katika vikundi vya Kikristo, Kiswahili kimempa kiongozi kijazio kilicho tayari: "Bwana asifiwe!" Wote hujibu, "Amina!" Hii ni jozi ya kauli zinazoitana, na kazi yake ya asili ni salamu. Lakini angalia inavyotumika mara ya pili, ya tatu na ya nne katika kikao kimoja. Hapo si salamu tena wala si sifa. Ni kengele. Kiongozi ameogopa kimya na ameamua kujirudishia zamu. Mwandishi wa makala haya amewahi kuwa mmoja wa viongozi hao, na alimaliza muhula mzima kabla ya kugundua kwamba wanakikundi walikuwa wakimwitikia kwa uchangamfu ili awaachilie mapema.

Hatua ya nne ya Lumko inatatua tatizo hilo kwa njia rahisi kabisa: kimya kinatangazwa. Kiongozi akisema, "Tukae kimya dakika tatu," pengo halimtishi mtu. Anayependa kuongoza bila hatua rasmi anaweza kuazima jambo hili moja tu.

Amina ya kufunga mlango

KAKA: Kuna jambo lingine. Yule dada wa mwaka wa kwanza alisema kwamba binamu yake alikuwa hapa mwaka 2015. Akanyamaza. Nikamwambia kila jambo lina sababu yake.

DADA: Akasema nini?

KAKA: Alisema Amina.

DADA: Hiyo Amina ilikuwa ya kukufungia mlango.

KAKA: Nilitaka kumfariji.

DADA: Najua. Ulitaka pia jambo lile lipite upesi, kwa sababu lilikuogopesha. Hata mimi lingeniogopesha. Unawakumbuka rafiki zake Ayubu? Walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Hizo ndizo siku walizomsaidia. Shida ilianza walipofungua vinywa.

KAKA: Basi nimeharibu.

DADA: Umekosea, hujaharibu. Mtafute. Mwambie uliyasema yale kwa haraka. Kisha muulize binamu yake alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alisomea nini. Halafu usiseme kitu.

Sehemu hii ndiyo kiini cha somo letu. Neno amina kwa kawaida ni la kukubali. Hapa linafanya kazi ya kukatisha, nalo linafanya hivyo kwa adabu kiasi kwamba kaka hakutambua kwamba amekatishwa. Grice (1975) angesema kwamba maana ya kauli imo katika yale yasiyosemwa. Kiongozi ambaye hajajifunza kusikia tofauti kati ya amina mbili ataondoka kila Jumatano akidhani kikao kilikwenda vizuri.

Zingatia pia namna dada mwenyewe anavyomtia moyo mwenzake. Hamwambii kwamba alifanya vyema. Anakubali kosa, anataja woga uliolizaa, anaushiriki woga huo kwa maneno hata mimi, kisha anampa kazi ndogo inayoweza kufanywa kesho. Brown na Levinson (1987) wanalo neno uso kwa ile hadhi ambayo kila mzungumzaji hutaka ihifadhiwe. Neno hilo linatumika sana katika tasnifu zetu. Kwa maoni yetu, Kiswahili kilikuwa tayari na dhana iliyokomaa zaidi, nayo ni sitara. Kumsitiri mtu si kuficha ukweli wala kumsifu uongo. Ni kumfunika wakati unamsaidia kusimama. Kiongozi anayesitiri hamsahihishi mtu mbele ya wenzake, hasimulii kwingine yaliyosemwa mduarani, na hamlazimishi mnyamavu kusema kwa kumtaja jina.

Biblia yenyewe inatoa nafasi kwa maneno ambayo vikundi vyetu huyaogopa. Zaburi ya 13 ni malalamiko ya mtu anayeona amesahauliwa. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na kuishia gizani, bila shangwe ya kumalizia. Ni nadra kuzisikia katika vikao vya vijana, ambapo rejista iliyozoeleka ni ya ushindi: tumeshinda, tumevuka, tumepokea. Rejista hiyo ina mahali pake. Lakini kijana ambaye kikundi chake kina rejista moja tu ataipeleka huzuni yake kwingine, au atakaa nayo peke yake bwenini.

Jirani dirishani

KAKA: Mwenzangu chumbani ni Mwislamu, mtu wa Wajir. Jana aliniuliza huwa tunazungumza nini kule. Nikababaika.

DADA: Kwa nini ubabaike? Si ndiye aliyekuletea tende na sambusa mwezi wa Ramadhani?

KAKA: Ndiye.

DADA: Basi mwambie. Na maneno ya kikundi yapimeni kwa kipimo hicho: mwenzako akipita dirishani akasikia, je, yapo ya kumwudhi? Sisemi hivyo kwa hofu. Ni kwa ujirani.

Pendekezo la dada lina msingi katika historia ya lugha yenyewe. Mkristo wa Kiswahili akiomba, anatamka imani, ibada, sala, toba, dhambi, rehema, neema, baraka, nabii, malaika. Yote hayo yametoka katika Kiarabu, na Mwislamu anayepita anayaelewa bila kamusi. Hata kanisa, msalaba na injili, maneno yanayomtambulisha Mkristo kuliko mengine, yana asili hiyo hiyo. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri Mwanzo, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji huo. Kwa hiyo lugha ya kikundi kidogo haikuwahi kuwa chumba kilichofungwa. Ilijengwa ikiwa na dirisha.

Hilo halifuti tofauti za imani, na wala dada hadai hivyo. Maneno kama wokovu na ubatizo yamebeba mafundisho ambayo jirani hayakubali, na kikundi kina haki ya kuyasema kwa uwazi. Linalokatazwa na kipimo cha dirisha ni masimango: kejeli kuhusu ibada ya wengine, visa vya dhihaka, na ule mtindo wa kusema wao kwa sauti ya chini ambao kila mtu anajua ni akina nani. Katika mji ambao watu wa dini mbili wanatumia soko moja, kivuko kimoja na hospitali moja, kiwakilishi hicho kina uzito. Tungependa kuona mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili akikichunguza kwa makini, katika mahubiri ya pande zote mbili.

Maombi ya kufunga

Limebaki jambo moja dogo, ambalo wasomaji walio katika vikundi watalicheka kwa kulitambua. Maombi ya mwisho humwelekea Mungu kwa kauli, lakini mara nyingi huwaelekea wanakikundi kwa lengo. "Bwana, umsaidie ndugu yetu anayechelewa kila Jumatano." "Bwana, uwaguse walioahidi kuleta mchango." Mzungumziwa wa juu ni mmoja, wa chini ni mwingine, naye hana nafasi ya kujibu kwa sababu amefumba macho. Ni umbo la mafumbo, na Kiswahili kina mafundi wengi wa mafumbo. Lakini ndani ya mduara ambao vijana wameambiwa wako salama, huku ni kumwumbua mtu mahali asipoweza kujitetea.

KAKA: Basi nani afunge kwa maombi, kama si mimi?

DADA: Yeyote ambaye hajasema jioni hiyo, akipenda. Asipopenda, mtasema Baba Yetu pamoja.

KAKA: Na yule dada wa mwaka wa kwanza?

DADA: Umeshamtafuta?

KAKA: Bado.

DADA: Ana kipindi mpaka saa kumi na moja. Ukiondoka sasa utamkuta mlangoni.